Kazi kwa Watu Wenye Ulemavu: Msaada wa Serikali na Njia ya Kuupata

Katika skimu zetu za makazi yako maboma ambayo mgeni akifika huamkiwa na watoto wanne, lakini mama wa boma hupika chakula cha watoto watano. Mtoto wa tano yuko chumba cha nyuma. Pengine mguu wake mmoja haukukua sawasawa, au hasikii, au macho yake hayaoni. Wazazi wake si watu wabaya. Humlisha, humvisha, na akiugua humpeleka dispensari. Ila hawakumpeleka shule, wala hawakumwandikisha popote, kwa kuwa waliona hakuna kazi yoyote atakayoiweza.

Fikira hiyo ndiyo tunayotaka kuizungumza mwezi huu. Shamba la ekari kumi na tano likigawanywa kwa watoto watano, kila mmoja hupata ekari tatu. Mara nyingi yule aliyefichwa hapewi hata hizo, bali husemwa kwamba ndugu zake watamtunza. Sheria ya urithi haimtengi mtoto kwa sababu ya ulemavu, lakini asiyejulikana hana wa kumsemea. Wazazi wakiondoka, ahadi ya ndugu hupungua mwaka kwa mwaka. Lakini kijana mwenye ulemavu aliye na ufundi wake au mshahara wake haombi kwa mtu, na huenda ndiye atakayewalipia karo watoto wa ndugu zake.

Kwa hiyo yafaa kila mkulima ajue mambo manne: sheria inasema nini, kadi gani inatakiwa, mafunzo na vifaa vinapatikana wapi, na yeye mwenyewe pamoja na chama chake cha ushirika wanaweza kufanya nini.

JAMBO HILI SI GENI

Wengine hufikiri kwamba habari hii imeletwa na nyakati za sasa. Sivyo. Mwaka 1956 sheria iliundwa ya kuanzisha Chama cha Vipofu cha Kenya. Mwaka 1964, wakati mashamba makubwa ya nyanda za juu yalipokuwa yakigawanywa na wakulima wengi wa skimu walipokuwa wakipewa namba za mashamba yao, Serikali iliunda kamati iliyoongozwa na Bwana Ngala Mwendwa ichunguze namna ya kuwatunza watu wenye ulemavu na kuwarudisha kazini. Mwaka 1968 Serikali ilitoa waraka wa Bunge, namba 5 wa mwaka ule, uliohusu mafunzo yao. Kisha mwaka 1971 kituo cha mafunzo ya ufundi kwa ajili yao kilianzishwa Nairobi, na vingine vikafuata mikoani.

Tangu siku zile nia imekuwa moja: mtu mwenye ulemavu asingoje sadaka barabarani, afundishwe kazi na aifanye. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba watu zaidi ya laki tisa wenye umri wa miaka mitano na kuendelea wana ulemavu, yaani kama watu wawili katika kila mia. Ulemavu wa kutembea ndio ulioonekana kuwa mwingi kuliko mwingine. Basi hakuna skimu isiyo na watu hawa, hata kama hawaonekani mkutanoni.

SHERIA INASEMA NINI

Tuanze na Katiba ya mwaka 2010. Inasema kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa, kusoma, kufika mahali pa watu wote, na kutumia lugha ya ishara au maandishi ya Braille yanayosomwa kwa vidole. Tena inaitaka Serikali iendelee kidogo kidogo mpaka angalau watu watano katika kila mia, kati ya wanaochaguliwa au kuteuliwa katika vyombo vya umma, wawe watu wenye ulemavu.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inamkataza mwajiri yeyote kumkataa mtu au kumwachisha kazi kwa sababu ya ulemavu. Pia inasema kwamba kazi yenye thamani moja ilipwe mshahara mmoja. Hii inamhusu hata mkulima mwenye vibarua wawili tu. Ikiwa kibarua mmoja ana mkono mmoja, naye amechambua magunia ya viazi sawa na mwenzake, malipo yao ni sawa. Kumpa nusu kwa kusema kwamba unamsaidia si msaada, ni kumpunja.

Halafu kuna sheria ya watu wenye ulemavu yenyewe. Ya kwanza ilitungwa mwaka 2003, na kutokana nayo lilianzishwa Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Mwezi wa Mei mwaka 2025 sheria mpya ilitiwa sahihi na Rais, ikachukua mahali pa ile ya zamani. Sheria hii mpya inamtaka kila mwajiri mwenye watumishi ishirini au zaidi atenge angalau nafasi tano katika kila mia za kazi kwa watu wenye ulemavu.

Tupige hesabu. Mwajiri mwenye watumishi 20 atenge nafasi 1. Mwenye watumishi 40 atenge 2. Kiwanda chenye watumishi 100 kitenge 5, na chenye 200 kitenge 10. Fikiria basi viwanda vya majani chai, viwanda vya maziwa, mashamba ya maua, na vyama vikubwa vya ushirika vilivyo karibu na skimu yako. Kila kimoja chenye watumishi wa kutosha kina nafasi ambazo zapasa kutafutiwa watu.

Hata hivyo nafasi hizo hazijajazwa zote. Taarifa za Tume ya Utumishi wa Umma zimeonyesha mara kwa mara kwamba idara nyingi za Serikali yenyewe hazijafika watu watano katika kila mia. Sababu ziko nyingi. Wako waajiri wasiotaka, na wako wasiojua. Lakini sababu moja iko mikononi mwetu sisi wa mashambani: nafasi hutangazwa, mtu wa kuiomba yuko nyumbani, hana cheti cha shule wala kadi ya Baraza.

KADI YA BARAZA

Kadi hii ndiyo mlango wa misaada karibu yote. Mtu asiye nayo anaweza kuwa na ulemavu ulio wazi mbele ya macho ya kila mtu, na bado ofisi isiwe na njia ya kumpa haki yake. Njia ya kuipata ni hii.

Kwanza, nenda kwa chifu wako au kwa Afisa wa Ustawi wa Jamii, uulize ni hospitali ipi ya Serikali katika kaunti yako iliyopewa kazi ya kuwapima watu wenye ulemavu. Si kila zahanati hufanya kazi hiyo, na nauli ya kwenda mahali pasipo ndipo ni hasara.

Pili, mpeleke mtu huyo hospitali akapimwe. Waganga wataandika ulemavu wake ni wa namna gani na umefika kiasi gani. Chukua kitambulisho chake, au cheti cha kuzaliwa ikiwa ni mtoto, pamoja na picha ndogo.

Tatu, karatasi ya hospitali ikiisha kutiwa sahihi, habari zake hupelekwa kwenye Baraza, ambalo lina ofisi katika kaunti. Huko ataandikwa na kupewa kadi. Kuandikwa na Baraza ni bure. Mtu akikuambia umpe pesa ili akupatie kadi upesi, usimpe, mpeleke kwa chifu.

Cheti cha kuzaliwa huwakwamisha wengi, kwa maana mtoto aliyefichwa mara nyingi hakuandikishwa alipozaliwa. Basi anzia hapo. Usingoje afike miaka kumi na minane.

Kadi hii si ya watoto tu. Mzee aliyekatwa mguu kwa ajili ya ugonjwa wa sukari, au kibarua aliyepoteza vidole katika mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, naye aende akapimwe. Wahenga walisema, hujafa hujaumbika.

MAFUNZO NA VIFAA

Serikali ina vituo vya kuwafundisha kazi watu wenye ulemavu. Mbali na kile cha Nairobi, viko Machakos, Embu, Nyandarua, Kericho, Kisii, Kakamega, na Bura katika Taita Taveta. Huko hufundishwa kazi kama ushonaji wa nguo, useremala, kazi ya ngozi na uchomeleaji wa vyuma. Machakos pia kuna chuo cha ufundi kwa ajili ya watu wasioona. Vyuo vya ufundi vya kawaida navyo havina ruhusa ya kumfungia mlango mwanafunzi kwa sababu ya ulemavu wake. Afisa wa Ustawi wa Jamii ataweza kukueleza kituo kilicho karibu kinafundisha nini mwaka huu, na karo ni kiasi gani.

Chini ya Baraza uko Mfuko wa Taifa wa Maendeleo ya Watu Wenye Ulemavu. Mfuko huu husaidia kwa namna mbalimbali. Husaidia karo ya shule na ya mafunzo. Hutoa vifaa kama viti vya magurudumu, magongo, fimbo nyeupe za wasioona, na vyombo vya kusikilizia. Huwapa mafundi waliohitimu vifaa vya kazi, kama vile cherehani. Tena hutoa msaada kwa vikundi vya watu wenye ulemavu ambavyo vimeandikishwa, ili vianzishe biashara.

Misaada hii huombwa kwa fomu, na waombaji huwa wengi kuliko fedha. Kwa hiyo usikate tamaa ukikosa mara ya kwanza. Kikundi chenye daftari safi la mikutano, hesabu za akiba, na mpango unaoeleweka hutazamwa vizuri kuliko kikundi kilichoundwa jana kwa ajili ya kupokea pesa.

Kuna pia zabuni za Serikali. Tangu mwaka 2013 upo mpango wa kutenga sehemu 30 katika kila mia ya manunuzi ya Serikali kwa biashara za vijana, akina mama na watu wenye ulemavu. Shule, hospitali na ofisi hununua maharagwe, mboga, viti, sare na kuni. Kikundi cha watu wenye ulemavu wanaofuga kuku wanaweza kuandikisha biashara yao, kuomba cheti cha mpango huu, na kuuza mayai kwa hospitali ya kaunti.

KODI

Mwajiri naye hakusahauliwa. Sheria ya mwaka 2003 iliweka kwamba mwajiri binafsi aliyemwandika kazi mtu mwenye ulemavu angeweza kuomba apunguziwe mapato yanayotozwa kodi, kwa robo ya mshahara aliomlipa mtu huyo. Kadhalika, akitengeneza mahali pa kazi pamfae mtu huyo, kwa mfano kuondoa ngazi na kuweka njia ya mteremko, angeweza kuomba nusu ya gharama hiyo ipunguzwe katika hesabu ya kodi. Sheria mpya imeendeleza wazo hilo la kumsaidia mwajiri. Katibu wa chama cha ushirika au mhasibu wake aulize ofisi ya kodi namna ya kuomba.

Mfanyakazi mwenye ulemavu pia ana nafuu yake. Amri ya kodi ya mwaka 2010 iliweka kwamba shilingi 150,000 za kwanza za mapato yake kila mwezi zisitozwe kodi, akiwa na hati ya msamaha. Hati hii haiji yenyewe. Huombwa kwa ofisi ya kodi, mwombaji akiwa na kadi ya Baraza na karatasi ya hospitali. Ina muda wake, na muda ukiisha huombwa upya.

KAZI ZIPO HATA SHAMBANI

Mkulima atauliza, "Haya ni ya viwanda. Mimi nina ng'ombe watatu wa gredi na ekari mbili za viazi. Nitamwandika mtu huyu kazi gani?" Hili ni swali zuri. Jibu lake ni kwamba usitazame kwanza kile asichoweza. Gawanya kazi za shamba lako moja moja, kisha tazama ipi anaiweza.

Mtu asiyesikia anaweza kukamua, kulisha ng'ombe, kupalilia na kuendesha punda. Anachotaka ni kuonyeshwa kazi kwa macho na mikono badala ya maneno. Mfanyie mbele yake mara mbili, kisha mwache afanye huku ukitazama. Jifunzeni ishara chache za kila siku: maziwa, maji, dawa, hatari. Ukitaka kumwita, njoo mbele yake aone, usimrushie kitu kwa nyuma.

Mtu asiyeona anaweza kukamua kwa mikono, kupukuchua mahindi, kulisha kuku na kujaza udongo katika vifuko vya miche. Mfungie kamba kutoka nyumba hadi zizi, aishike anapotembea. Kila chombo kiwe na mahali pake, wala asikihamishe mtu bila kumwambia. Kipimo cha chakula cha ng'ombe kiwe mkebe mmoja usiobadilishwa. Kuangalia kama maziwa yana mabonge au damu afanye mwingine mwenye kuona, kabla ya kukamua.

Mtu ambaye miguu yake ni dhaifu anaweza kufanya kazi ya kukaa. Jenga meza ya mbao inayofika kifuani pake akiwa ameketi, aoteshe miche ya kabichi au ya miti juu yake. Anaweza kuchagua viazi vya mbegu, kupanga nyanya kwa ukubwa, na kuandika daftari. Katika kituo cha kukusanyia maziwa, kazi ya karani ni kusoma mzani, kuandika kilo, na kumpa mkulima risiti. Hakuna mguu unaohitajika katika kazi hiyo, ila njia ya kuingilia iwe haina ngazi.

Mtu ambaye akili yake hujifunza polepole naye ana kazi yake. Mpe kazi moja inayorudiwa kila siku kwa utaratibu ule ule, kama kuchota maji ya ng'ombe au kufagia zizi. Akiisha kuizoea, wengi wao huifanya kwa uaminifu bila kukumbushwa. Naye alipwe kama wengine, na pesa zake ziwekwe kwa jina lake.

Jambo moja la kuangalia ni dawa na mashine. Asiyeona au asiyesikia asiachwe peke yake penye mashine inayozunguka au penye dawa za kunyunyiza, kama vile usivyomwacha mgeni yeyote wa kazi. Huo ni uangalifu, wala si sababu ya kumnyima kazi nyingine.

MASWALI YANAYOULIZWA

Je, nikimwandikisha mtoto wangu, Serikali itamchukua? Hapana. Mtoto ni wako na ataishi kwako. Kuandikwa humpa haki ya kuomba msaada.

Je, mtu akipata kadi, amepata kazi? La. Kadi si kazi. Nafasi huombwa kwa barua, cheti na bidii kama kawaida. Lakini bila kadi hawezi kuhesabiwa kati ya wale watano katika mia. Akiisha kuipata, aiambie ofisi ya Baraza ya kaunti kwamba anatafuta kazi, na aeleze ana ufundi gani.

Je, zile shilingi 2,000 za kila mwezi? Hizo ni za nyumba maskini zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, anayehitaji kutunzwa wakati wote. Mpango huo ulianza mwaka 2011. Kijana anayeweza kufanya kazi atafute mafunzo na kazi, kwa kuwa mshahara hata wa kibarua utapita kiasi hicho.

Je, mwajiri akimkataa kwa sababu ya ulemavu tu? Aandike siku, mahali, na maneno aliyoambiwa, kisha apeleke habari kwa Afisa wa Kazi au kwa ofisi ya Baraza. Asigombane mlangoni.

LA KUFANYA MWEZI HUU

Mzazi mwenye mtoto mwenye ulemavu: tafuta cheti cha kuzaliwa, uliza hospitali ya kupimia, na mpeleke mtoto shule muhula ujao.

Mwenyekiti wa chama cha ushirika: hesabu watumishi wako. Wakifika ishirini, uliza katika mkutano ujao ni wangapi kati yao wenye ulemavu, na nafasi ipi itatangazwa. Tangazo libandikwe pia kwa chifu na kanisani au msikitini, kwa maana watu hawa hawafiki mara nyingi kwenye ubao wa kiwanda.

Mkulima mwenye vibarua: wakati wa kuvuna viazi au kuchuma majani chai, mpe jirani yako mwenye ulemavu kazi moja anayoiweza, kwa malipo ya kawaida. Mjaribu kwa juma moja kama unavyomjaribu kibarua mwingine yeyote, na umwachie kazi hiyo akiifanya vizuri.

Na jirani asiye na mtoto wa namna hii wala vibarua, naye ana kazi. Akijua kuna boma lenye mtoto wa chumba cha nyuma, awaendee wazazi kwa upole, asiwaaibishe, awaambie yaliyoandikwa hapa, na siku ya kwenda hospitali awasindikize.